Meno ya Soja

Mutinda mwanangu,

Umeenda Mbumbuni kumuaga susu yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachilia kabla hujamaliza kuku mzima. Utarudi umechoka na hutataka maneno. Ndiyo maana naandika sasa. Watu wa chakula cha mchana wameondoka, hoteli imebaki na mzee mmoja aliyesinzia mbele ya chai yake, na supu ya jioni inachemka bila kunihitaji. Barua nitaiweka juu ya viatu vyako vipya. Viatu hivyo huwezi kuvisahau, maana tangu uvinunue umevipaka rangi mara nyingi kuliko ulivyosali.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za kuchagua marafiki, wala za kutuma pesa nyumbani. Hayo umeshaambiwa na kila mtu hapa Kabati, hata na watu ambao hawajawahi kuvuka mto Athi. Nataka tuongee habari ya Soja. Jumapili tulipotoka kanisani uliniomba nimtunze mbwa wako mpaka urudi kutoka Doha, na mimi nikakujibu, sawa. Sawa ile haikuwa ya kweli. Ulikuwa umevaa shati jeupe na watu walikuwa wanakupa mkono, sikutaka kukuharibia siku. Soja hatafika Krismasi, Mutinda. Mdomo wake umeoza, na hakuna wa kuurudisha.

Nakumbuka ulivyomleta. Ulimtoa nyuma ya kichinjio ukamficha ndani ya sweta ya shule, na baba yako, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, akasema nyumba yetu haina chakula cha kutupa. Usiku huohuo nikamkuta anamlisha ugali kwa kidole. Jina la Soja, yaani askari, alimpa yeye. Alisema mbwa mdogo apewe cheo mapema, labda atakifikia.

Kisha daktari wa mifugo akaja pale uwanja wa shule kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Mlipanga foleni na kamba zenu. Alipomaliza kumchoma Soja sindano, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akakuonyesha meno. Ulirudi nyumbani mbio, ukachana fulana yako ya zamani, na ukanifundisha kwa sauti ya mwalimu. Unazungusha kitambaa laini kwenye kidole, unakilowesha, unainua mdomo, unasugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi, upande wa nje, kwa mviringo mdogo. Kila siku, na ukishindwa sana basi siku moja moja uruke. Dawa yetu ya meno usimpe hata kidogo, kwa sababu mbwa hajui kutema, anameza yote, na ziko zilizowekwa utamu unaoua mbwa. Nilikusikiliza nikikata vitunguu. Nilidhani ni mchezo utakaoisha shule zikifunguliwa.

Haukuisha. Kila jioni ulikaa naye hapo kwenye jiwe la kufulia. Mwanzoni ulimpa tu kidole chenye mchuzi alambe, ukamgusa mdomo, ukamwacha aende. Siku nyingine meno ya mbele. Siku nyingine chonge. Ulichukua muda mrefu kufika kwenye magego ya nyuma, na ulipofika hakuwa anashtuka tena. Samaki mkunje angali mbichi, nilikuwa nasema hivyo kwa watoto wa watu, na wangu alikuwa anamkunja mbwa mbele ya macho yangu bila kelele.

Wateja walicheka mpaka supu ikawamwagikia.

"Mama Mutinda, kwani huyu mbwa anaenda interview?"

"Anataka kuoa," nikawajibu. "Huko kwa wakwe wanaangalia meno."

Nilicheka pamoja nao. Wewe hukugeuka, ulimaliza upande wa kushoto ukaenda wa kulia. Leo naukumbuka mgongo wako ule mdogo na kicheko changu, na nasikia aibu. Mtoto aliyefanya jambo jema bila kuambiwa nilimfanya kichekesho cha hoteli.

Ulipokwenda shule ya bweni uliniachia kazi hiyo. Najua unajua jinsi nilivyoifanya, haikufichika, lakini hatujawahi kuisema. Jioni ya kwanza nilifunga kitambaa kwenye kidole nikamwinua mdomo. Akanipumulia mkononi. Mutinda, mimi ninayetoa matumbo ya mbuzi kabla ya jua kuchomoza, ninayeosha kichwa cha ng'ombe kwa mikono yangu, mdomo wa mbwa ulinishinda. Nikajiambia kesho. Kesho ikaja na wateja wake. Baada ya wiki kitambaa kile nilikuwa nafutia meza.

Uliporudi likizo ulimwangalia kabla hujaweka sanduku chini.

"Mum, meno ya Soja imekuwa brown."

"Hata yako ni brown," nikakwambia. "Na yangu. Umesahau maji tunakunywa?"

Hilo ndilo kosa langu kubwa, na nadhani ni mtu wa huku tu angelifanya. Sisi sote tunaokunywa maji ya kile kisima cha pampu tuna meno ya rangi ya chai. Ukikutana na mtu Mombasa akacheka, unajua anatoka wapi kabla hajasema jina. Hatulionei haya, na hatuliiti ugonjwa. Basi Soja alipogeuka kahawia nilimwona kama mmoja wetu aliyekunywa maji ya nyumbani. Niliona karibu sifa. Wewe ukanyamaza, kwa sababu mimi ni mama yako na nilisema kama mtu anayejua.

Lakini kahawia yetu iko ndani ya jino. Haikwanguki, hainuki, ufizi wake ni mzima. Yake ilikuwa juu ya jino, ilianzia pale chini kwenye ufizi ikapanda, na ufizi wenyewe ulikuwa na mstari mwekundu kama uzi. Ule ulikuwa ukoga. Ukoga ukiwa laini kitambaa kinautoa, ukiachwa unaganda kuwa jiwe, na ukishaganda hakuna mswaki unaouweza, ni daktari amlaze mbwa kwa dawa aukwangue. Na chini ya lile jiwe ndiko uozo unakotembea. Unajua kinachoniuma? Sufuria yangu ya maji ya chai inafanya hivyohivyo. Maji yetu yanaacha ukoko mweupe, na kila Jumamosi nauondoa kwa siki kabla haujawa mgumu, kwa sababu najua nikiruka wiki mbili nitavunja mkono. Nilijua yote kuhusu sufuria.

Halafu mifupa. Hapa sikuwa mvivu, hapa nilikuwa mjinga mwenye bidii. Nilisikia watu wa bucha wakisema mbwa akitafuna mfupa meno yanajisafisha, nami nina mifupa ya kutosha. Kila asubuhi nilipomaliza kuchuja supu nilimtupia miguu iliyochemka usiku kucha. Nilifikiri nakulipia ile kazi niliyoacha. Mfupa uliopikwa unakatika vipande vyenye ncha, na ule wa mguu wa ng'ombe ni mgumu kuliko jino lenyewe. Daktari alinifundisha baadaye, jambo rahisi kabisa: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kama ukucha hauachi alama, hicho si cha kumpa mbwa atafune. Nilikuwa na ukucha miaka yote hiyo.

Siku moja alitafuna, jikoni tukasikia kitu kimelia kama kuni kavu. Nilisema, "Huyo ana nguvu." Lilikuwa gego lake kubwa la juu limepasuka. Siku si nyingi akavimba chini ya jicho. Jirani akasema ni nyuki, mwingine akasema ni nyoka anayetema mate, na mimi nikamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Uvimbe ukapasuka, usaha ukatoka, pakakauka. Nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba mzizi wa gego lile unafika chini ya jicho, na kwamba uozo niliodhani umepona ulikuwa umepata mlango wa kutokea tu. Huku tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa, na ukuta sasa hakuna wa kuujenga.

Ulipomaliza shule ukarudi kukaa, wewe ndiye uliyeona. Alikuwa anatafunia upande mmoja akiinamisha kichwa. Anaokota nyama, inaanguka, anaitazama. Anasugua uso kwa mguu. Maji ya bakuli lake yalikuwa na uzi wa damu, na mimi nilikuwa nayamwaga kila asubuhi nikidhani amekula kitu porini. Ukanunua mswaki wa watoto, ule laini kabisa, ukakaa tena kwenye jiwe lako. Lakini sasa kila ulipogusa damu ilitoka, naye hakukuuma. Alifumba macho tu. Nilikuwa nakutazama kupitia dirisha la jikoni. Safari hii hakuna mteja aliyecheka, na mimi nilitamani sana mmoja wao acheke, ili mambo yawe kama zamani.

Wiki ile ulipokuwa Nairobi kupimwa afya ya safari, nilimwita daktari. Sikukwambia. Alikuja na taa yake ndogo, akamwangalia Soja kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama Mutinda, hii mdomo imeenda," akasema. "Meno karibu yote inatingizika. Na chini, mfupa ya taya imeliwa."

"Huwezi kung'oa?"

"Kung'oa naweza. Lakini na umri yake, na vile nimesikia hiyo moyo, nikimlaza sidhani ataamka. Hata taya yenyewe inaweza vunjika kwa mkono yangu."

"Na nikianza kumsugua mimi? Kila siku, bila kuruka?"

Alizima taa. "Saa hii utakuwa unasugua kidonda, mama. Kusugua ni ya wakati mdomo iko mzima."

"Lakini bado anatingisha mkia. Jana amenipokea mpaka barabarani."

"Atatingisha tu. Mbwa haezi kwambia jino inamuuma. Anaumwa na anakupokea."

Aliacha vidonge vya maumivu. Ndivyo hivyo uliniona nikiviponda kwenye uji nikakwambia ni vitamini. Vilimsaidia kidogo, ukafurahi, ukasema Soja amepata nguvu. Nikakuacha ufurahi. Wiki hii havimsaidii tena.

Maneno ya daktari hayajaniacha, na si kwa sababu ya mbwa peke yake. Nilimkumbuka mtoto aliyekuwa akipiga simu kutoka bweni na kusema yuko sawa, kumbe alikuwa amefukuzwa darasani kwa ajili ya karo na anashinda chini ya mti na vitabu. Nilimkumbuka kijana aliyerudi kutoka kwa wakala wa kazi mwaka huu. Uliniambia picha imetoka vizuri. Hukuniambia mpiga picha alikwambia nini, nililisikia kwa rafiki yako: ufunge mdomo, huko wanataka walinzi wenye meno safi. Tangu siku hiyo nakuona mbele ya kioo cha kunyolea ukijifunza kutabasamu bila kufungua midomo. Nimewalea wawili wanaotingisha mkia.

Maji yale nilikupa mimi, Mutinda. Hayakuwepo mengine. Kwa hilo sijihukumu, na wewe usinionee haya wala usijionee. Lakini hili la kunyamaza ulilitoa kwangu, kwa sababu kila ulipofungua mdomo kuniambia kitu kina kasoro, nilikuwa na jibu la haraka na la kuchekesha. Ni maji. Ni nyuki. Yuko sawa. Mtu akijibiwa hivyo utoto wote, anaacha kusema. Sijui jinsi ya kukuondolea hilo jioni moja kabla hujapanda ndege. Nadhani haliwezekani, kama vile lile jiwe la ukoga halitoki kwa kitambaa. Ninakuambia tu ili ujue lilikotoka, na kwamba halikuwa kosa lako.

Ningependa kukuandikia kwamba nimejifunza na mambo yatakuwa mazuri. Sioni yakiwa mazuri. Mvua imeshindwa tena, hoteli inakwenda kwa neema, wewe unakwenda kusimama lindoni kwa watu usiku na kwenye jua la mchana, na mimi nabaki na jiwe la kufulia lisilo na mtu. Nilichojifunza nimekijifunza kikiwa hakinisaidii. Mdomo wa mbwa ulihitaji muda wa kunywa kikombe cha chai, jioni, kwa mkono usioona kinyaa. Hiyo tu. Nilikuwa na chai na nilikuwa na jioni.

Leo mchana nimemlowekea ugali kwenye mchuzi wa ini mpaka ukawa uji. Ameulamba mara moja, akarudi nyuma, akakaa akautazama kwa adabu, akanitazama mimi. Mate yanamtoka na yananuka, nzi wanamfuata. Nimejaribu kumwinua mdomo nione. Kwa mara ya kwanza tangu umlete, amelia. Hakunguruma, amelia. Nimeketi naye hapo chini mpaka mteja akaniita.

Kwa hivyo nimempigia daktari simu. Atakuja alfajiri kabla gari lako halijaja kukuchukua, na atakuja na sindano ya kumlaza asiamke tena. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua ungesema tungoje, na kungoja ndiko kumemfikisha alipo. Pia sikutaka kufanya ukiwa umeshaondoka, halafu nikuambie kwa simu kwamba yuko sawa, na wewe uwe huko Doha unamnunulia kamba mpya. Nimewaza njia zote mbili tangu asubuhi. Hakuna iliyo nzuri. Nimechagua hii ambayo ndani yake sikudanganyi.

Ukiamka ukataka kumshika kichwa, toka uje nyuma ya jikoni, tutakuwa hapo. Daktari anasema hatasikia kitu, atalala tu, na mkono anaoujua ukiwa juu yake ni bora zaidi. Ukiona huwezi, vaa viatu vyako utokee mlango wa mbele, gari litakuwa barabarani, na usipite kuniaga. Sitakulaumu leo wala siku utakayorudi. Mimi nitamshika. Nitamshika mdomo wenyewe, kwa mikono miwili, na sitatoa mkono mpaka awe amekwisha.

Lakini chochote utakachofanya asubuhi, mwanangu, usiniulize kama niko sawa. Siko sawa. Na wewe ukifika huko, siku ya kwanza nitakapokupigia simu nikuulize, usinijibu upesi.

Mama yako